Nusu saa mara mbili: maneno yetu juu ya mama anayenyonyesha na kazi ya Misisi

Maneno yaliyosomwa mbele ya wamama na vijana, Misisi, wiki ya kunyonyesha ya mwezi wa nane





Tulipotangaza kwamba leo tutaongea juu ya maziwa ya mama, watu walicheka. Mmoja akatuuliza: "Ninyi vijana wa harakati tulizoea kuwasikia juu ya barabara, ushuru na usalama. Maziwa inawahusu nini? Na wengi wenu hamujaoa hata."

Ni kweli, wengi wetu hatujaoa. Wengi wetu tuna diploma na lisansi ndani ya mfuko wa plastiki, tunazunguka nazo, kazi hakuna. Lakini kila mmoja wetu alinyonya. Na wengi wetu hapa, masomo yetu yalilipwa na mama aliyetwanga mawe, aliyebeba mchanga kichwani, aliyeuza mandazi mlangoni mwa shimo. Kama hiyo haituhusu, basi hakuna kitu kinachotuhusu.

Munajua asubuhi ya Misisi. Saa kumi na moja, jua bado, wamama wanaanza kupanda. Huyu ana kinu na mtwangio wa chuma. Huyu ana gunia ya kubebea mawe. Huyu ana karai ya kuosha mchanga. Huyu ana sufuria ya maharagi ya kuuzia wachimbaji. Wengine wanaenda kazi ya karatasi: shuleni, kwenye kituo cha afya, kwenye ofisi za mashirika. Kati ya wote hao kuna mwenye mtoto wa miezi miwili, wa miezi mitatu.

Huyo mama ana njia tatu. Anaweza kumbeba mtoto mgongoni mpaka machimboni, mtoto ashinde kwenye vumbi na kelele ya vyuma. Anaweza kumwacha na dada yake wa miaka tisa, na yule dada anaacha kiti chake darasani. Ama anamwacha na bibi, na bibi anampa bibero ama kikombe cha uji mwepesi. Zote tatu zina bei, na anayelipa ni mtoto, ama dada yake, ama maziwa yenyewe.

Tuanze na habari ya mmoja wetu. Jina hatulitaji, mwenyewe alituomba. Ni dada wa harakati, ana lisansi, alikaa shomeri miaka kama siye. Akajifungua. Mtoto alipofika wiki tisa, simu ikalia: kazi ya miezi mitatu, kuandika orodha ya familia, mshahara kwa dolari. Nani kati yetu angekataa? Alikubali palepale. Walipomuuliza maswali hakusema kama ananyonyesha. Aliogopa. Alijua nyuma yake kuna watu kumi wanaosubiri kile kiti, na labda wawili kati yao tulikuwa siye.

Alikuwa anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi na mbili jioni. Siku za kwanza maziwa ilikuwa inamwagika kwenye blauzi, anafunika na kitenge. Mchana matiti yanakuwa magumu kama jiwe, anaingia chooni, anakamua na kumwaga. Alituambia: "Nilikuwa namwaga chakula cha mtoto wangu kwenye shimo la choo, na saa ileile bibi yake anampa maji ya sukari." Wiki ya pili akawa anakamua mara moja tu kwa siku. Wiki ya tatu hakukuwa na cha kukamua. Alifurahi kidogo, sababu maumivu yalikwisha. Hakujua kwamba ni maziwa inaaga.

Mtoto akaingia kwenye bibero. Mwezi uleule akashikwa na kuhara, wakalala siku nne kwenye kituo cha afya. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mshahara wa mwezi wa kwanza ulikwisha kwenye serumu, dawa na mikebe ya maziwa ya unga.

Na siye tulifanya nini? Siku moja alichelewa kwenye mkutano wetu, halafu akaomba kuondoka mapema. Tulimwambia mbele ya wote: "Dada, moyo wako wa kujitolea umepungua." Njo siye hao. Tunadai haki kwa wakubwa kila siku, na mama anayenyonyesha tulimfukuza kwa maneno. Tulimwomba musamaha, na leo tunarudia kuomba mbele yenu.

Sasa, tulikaa na wamama, tukakaa na muganga wa watoto, tukasoma. Tunataka kuwaeleza kwa urahisi kile tulichoelewa, sababu tuliona hata walio na lisansi hawakijui.

Maziwa inatengenezwa kwa kutolewa. Kila mara mtoto anaponyonya, ama mama anapokamua, mwili unaachia homoni inaitwa prolaktini, inayoagiza maziwa nyingine. Maziwa ikibaki ndani bila kutolewa, ziwa linapata habari ingine: hakuna anayehitaji, punguza. Ikirudia siku kwa siku, linapunguza kweli. Mwanamke hajarogwa, wala damu yake si mbaya, wala mwili wake si dhaifu. Masaa kumi na mawili bila kutoa maziwa, kila siku, yatapunguza maziwa ya mwanamke yeyote, awe wa Misisi ama wa Paris.

Kuna homoni ya pili, oksitosini, inayosukuma maziwa kutoka. Hiyo inasumbuliwa na woga, maumivu, haya na haraka. Mama anayekamua chooni huku mtu anagonga mlango atapata matone tu, hata kama ziwa limejaa. Kwa hiyo mukisikia tunadai mahali pa utulivu, musiseme ni mapambo ya wazungu.

Kutoka hapo, mama anayerudi kazini anaweza kufanya mengi. Wamama, tusahihisheni kama tunakosea, ninyi munajua kuliko siye.

Kwanza, kujitayarisha kabla. Wiki mbili kabla ya kurudi kazini, aanze kujifunza kukamua kwa mkono. Mashini haihitajiki. Ananawa mikono na sabuni. Anachukua kikombe chenye mdomo mpana, kilichooshwa na kumwagiwa maji ya moto. Anapapasa ziwa polepole, akipata kitambaa cha uvuguvugu ni vizuri. Anaweka kidole gumba juu na vidole vingine chini, karibu upana wa vidole viwili nyuma ya chuchu. Anasukuma nyuma kuelekea kifua, halafu anabana, anaachia, anarudia. Havuti chuchu, hatelezeshi vidole kwenye ngozi. Anazunguka ziwa lote, anahama kwenda lingine, anarudi. Siku ya kwanza ni matone. Asikate tamaa, mkono unajifunza.

Pili, kunyonyesha sana saa wako pamoja. Kabla ya kutoka asubuhi, mtoto anyonye mpaka aachilie mwenyewe. Mama anaporudi, amshike kwanza, sufuria isubiri. Na usiku, wamama, usiku musiufunge. Prolaktini inapanda zaidi usiku. Mama anayeshinda mbali mchana anaweza kushikilia maziwa yake kwa kunyonyesha usiku.

Tatu, mchana asipitishe masaa mengi bila kutoa. Kila masaa matatu hivi, anyonyeshe ama akamue. Hata akikosa pa kuhifadhi, hata kama ni dakika kumi, hata kama maziwa itamwagwa: kumwaga ni huzuni, lakini kukamua kunauambia mwili usifunge. Tena kunakinga ziwa lisivimbe na kushika homa. Dada yetu alikuwa sawa kukamua chooni. Kilichomwangusha ni kwamba hakupewa nafasi ya kuendelea.

Nne, kuhifadhi. Hapa Misisi friji ni ya wachache. Maziwa iliyokamuliwa, kwenye chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi kwenye kivuli, tuihesabie masaa manne, tusizidishe kwa joto letu. Mafuta yakipanda juu si kwamba imeharibika, inatikiswa kidogo tu. Kuipasha, chombo kinawekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, haichemshwi. Mtoto anapewa kwa kikombe kidogo ama kijiko, polepole. Kikombe kinaoshwa mpaka ndani. Bibero ina kona ambazo kidole hakifiki, na njo humo uchafu unakaa.

Tano, mama ale na anywe maji. Sombe, lengalenga, maharagi, ndagala, bugali ya kutosha. Baba anayesema mke wake hana maziwa, aangalie kwanza sahani yake.

Watu watasema: "Mama aliyetoka juani maziwa yake ni moto, mtoto ataugua." Hapana. Jua haliharibu maziwa iliyo ndani ya ziwa. Mama apumzike, anywe maji, amshike mtoto. Watasema tena: "Mtoto analia, maziwa haimtoshi, mpe uji." Kulia peke yake si kipimo. Kipimo ni mkojo, mara sita ama zaidi kwa siku, na uzito kwenye karatasi ya CPS. Uji kabla ya miezi sita unajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, na maziwa inapungua zaidi. OMS inasema maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila hata maji, halafu chakula kingine pamoja na kunyonya mpaka miaka miwili na kuendelea. Katika utafiti mkubwa wa afya uliofanywa Kongo 2013-2014, watoto wa chini ya miezi sita waliopata maziwa ya mama peke yake hawakufika nusu.

Na hili wamama walisikilize sana: maziwa iliyopungua inaweza kurudi. Dada yetu kandarasi ilipokwisha, mama yake, mtwangaji wa zamani, alimwambia: "Lala na mtoto, mpe ziwa hata kama ni kavu, mpe tena." Muganga akamwambia vilevile: ziwa kwanza, kikombe baadaye, na mtoto apimwe kila wiki. Siku za kwanza mtoto alikataa, akalia, na mama akalia. Baada ya wiki mbili maziwa ikaanza. Haikurudi yote, lakini ilirudi.

Kwa nini tunashikilia hivi, wakati kuna maziwa ya unga dukani? Tuangalie maji yetu. Fizi na Baraka ni kati ya sehemu za Kongo ambako kolera haihami, inaondoka inarudi. Maziwa ya unga inahitaji maji safi, makaa ya kuchemsha, chombo safi, na pesa ya kununua mkebe mwingine kabla huu haujaisha. Pesa ikipungua, mama anaongeza maji. Mwaka 1981 mkutano mkuu wa afya wa dunia ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hizo, sababu watoto wa nchi maskini walikuwa wanaugua na kufa kwa bibero yenye maji mabaya. Hatumhukumu mama anayetumia mkebe. Kuna mama mgonjwa, kuna mtoto aliyefiwa na mama. Tunasema tu kwamba mama asisukumwe kwenye mkebe na kazi yake, akiwa bado ana maziwa.

Sasa tufike kwenye sheria. Siye wasomi bila kazi, angalau tusome kwa niaba ya wasiokuwa na muda.

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iko wazi. Kifungu cha 128 kinakataza kumbagua mwanamke kazini juu ya uzazi. Kifungu cha 129 kinasema mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili kwa siku, kila moja nusu saa, na hizo nusu saa zinalipwa kama kazi. Kifungu cha 130 kinampa wiki 14 za likizo ya uzazi, na zisizozidi 8 ni za baada ya kujifungua, na theluthi mbili za mshahara.

Muhesabu pamoja nasi. OMS inaomba miezi sita ya maziwa ya mama peke yake. Likizo baada ya kujifungua ni wiki nane, karibu miezi miwili. Ile miezi minne iliyobaki inabebwa na zile nusu saa mbili peke yake. Zikipotea, maziwa inapotea.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Kenya, sheria ya afya ya 2017 inataka mwajiri atayarishe mahali pa kunyonyesha ama kukamua. Hatusemi kule kila mama anapata. Tunasema haiwezekani mtu wa Misisi aambiwe kwamba anaota.

Kuna watakaosema: "Hiyo ni ya wenye kandarasi. Mama wa mawe hana karatasi." Kwa wale wa ofisi, madukani, shuleni: kukosa karatasi hakufuti kazi. Sheria inamruhusu mfanyakazi aonyeshe kwa njia zingine kwamba ameajiriwa. Kwa mama wa mawe ni kweli, shida ni nyingine, na tulikuwa hatuielewi mpaka mama mmoja mtwangaji alipotufundisha.

Tulimwendea na sheria yetu mkononi, tukamwambia: "Mama, una haki ya nusu saa mara mbili." Akatuangalia, akasema: "Watoto wangu, hakuna anayenikataza kusimama. Nikisimama, mawe yangu anapewa mwingine. Mimi nalipwa kwa beseni. Nusu saa yangu nani atanilipa?"

Tulinyamaza. Alikuwa sawa. Ruhusa ya kupumzika anayo, tena bila mwisho, kama siye mashomeri. Anachokosa ni uhakika kwamba akirudi atakuta nafasi yake. Basi dai letu lilibadilika palepale. Kwa mama wa mawe tunadai hivi: nafasi yake isichukuliwe. Mawe aliyopewa yamngojee. Haimgharimu mwenye shimo hata franga moja.

Kuna jambo lingine, na tuliseme kwa uangalifu. Tangu 2012 kuna amri ya Wizara ya Madini inayopanga machimbo kwa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Wakaguzi wanatazama kama kuna wenye silaha, kama kuna watoto, kama kuna wanawake wenye mimba. Ni vizuri kumkinga mwenye mimba. Lakini siku wakaguzi wanapotangazwa, mama anaondolewa, ama anaficha tumbo, na miezi ile hana kipato. Akishajifungua anarudi haraka zaidi, sababu deni limekua. Wakati ana mimba kila mtu anamwona. Akiwa na mtoto wa wiki tano, hakuna anayemwona.

Kwa hiyo tusieleweke vibaya. Tukisema mchimbo si mahali pa mtoto mchanga, mkubwa fulani asije akasema: basi wamama wote watoke. Hapana. Wamama wabaki na kazi yao. Tunataka mtoto apate mahali pake, karibu na mama, nje ya vumbi.

Na tuongeze neno moja juu ya zebaki, ile wachimbaji wanaiita merikiri. Inapochomwa ili dhahabu ibaki, moshi wake ni sumu, na mtoto mdogo anaumia haraka. Wababa, musichome jikoni, musichome ndani ya nyumba, musimwite mama mwenye mtoto mgongoni aje ashike taa. Mama asiache kunyonyesha kwa kuogopa. Akae mbali na ule moshi, na abadilishe nguo za kazi na kunawa kabla ya kumshika mtoto.

Wandugu, harakati inayolalamika tu haitoshi. Tulijiuliza: siye tuna nini? Pesa hatuna. Cheo hatuna. Lakini muda tunao, na muda njo kitu wamama hawana. Tukajaribu. Katika mtaa mmoja tulikubaliana na wamama wanne, na familia zao. Kila siku, mara mbili, kijana mmoja pamoja na dada ama bibi wa mtoto wanamleta mtoto mpaka chini ya mwembe kando ya barabara, mbali na vinu. Mama anashuka, ananawa, ananyonyesha, anarudi.

Tuwaambie ukweli wa jaribio lile. Msimamizi mmoja alikubali kutunza nafasi, akasema hata yeye mke wake ananyonyesha. Mwingine alitufukuza, akasema tunaleta siasa. Vijana walituchekelea: "Angalieni wasomi, wamekuwa mayaya!" Siku za mvua hatukwenda. Mama mmoja aliacha, sababu njia ilikuwa ndefu na alipoteza beseni. Watatu wanaendelea. Na msichana mmoja, dada ya mtoto, alirudi darasani asubuhi, sababu kazi yake tuliigawana. Kwa hilo peke yake hatujutii kitu.

Basi tunamaliza na yale tunayoomba, na yale tunayoahidi.

Kwa wenye mashimo na wasimamizi: nusu saa mara mbili, na nafasi ya mama itunzwe. Muweke ndoo ya maji na sabuni, na kivuli cha miti minne na shitingi.

Kwa vyama vya ushirika vya wachimbaji: muandike mstari huo mmoja ndani ya kanuni zenu. Wajumbe wa SAEMAPE, kazi yenu ni kuwasaidia wachimbaji wadogo, na mama wa mawe ni mmoja wao. Mutusaidie mstari huo uheshimiwe.

Kwa waajiri wa ofisi, mashule na mashirika: kifungu cha 129 si zawadi. Kitekelezwe bila mama kuomba kwa kulia. Chumba chenye mlango unaofungwa na kiti kinatosha, na choo si chumba. Ukaguzi wa kazi nao ufike mpaka Misisi, usiishie Bukavu.

Kwa wababa: mke anayenyonyesha usiku na kutwanga mchana, nani anateka maji? Nani anapika? Maziwa ya mtoto wako iko pia ndani ya mikono yako.

Kwa wamama wakubwa wetu, mabibi: mulitulea, mukatunyonyesha vitani na porini. Mufundishe wadada zetu. Na kikombe cha uji kingoje miezi sita.

Kwa siye wenyewe: kuanzia leo mikutano yetu inakwisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Mama anakuja na mtoto wake, ananyonyesha ndani ya mkutano, na asiyependa aangalie pembeni. Mkutano wowote wa harakati utakuwa na kiti chake na maji yake ya kunywa. Na zamu ya mwembe inaendelea. Wewe kijana unayesoma hii kwa telefone, umekaa na lisansi yako unangoja simu kama siye: kwenye mtaa wako kuna mama anayerudi kazini wiki ijayo. Nenda na dada yako ama mama yako, mumuulize anahitaji nini. Labda ni mtu wa kumletea mtoto saa nne na saa nane. Hiyo unaweza.

Yule mtoto wa dada yetu anatembea sasa. Juzi alikuja kwenye mkutano, akavuta karatasi hizi mkononi mwa msomaji, akazichana kona. Munaona hapa, kona haipo. Tumezisoma hivyohivyo.

Wamama, nusu saa mara mbili!

Vijana wa harakati, Misisi, Fizi